Sensa ya EC inakupea namba hazieleweki? Pima hivi kabla hujalaumu udongo

Siku hizi ukipita mashamba ya Bahati na Njoro, mpaka huko Ahero na Kibos, utapata wakulima wameanza kuzika sensa za EC, yaani za kupima jinsi udongo unavyopitisha umeme, ili wajue chumvi imefika wapi. Ni jambo zuri sana, kwa sababu chumvi humaliza mmea polepole na ukija kuona majani yameungua kwa ncha tayari mavuno yameshuka. Lakini sensa ikishazikwa na namba zianze kuingia kwa simu ndio maswali huanza, mbona inasoma kidogo na udongo una unga mweupe juu, mbona imeruka usiku wa mvua, mbona ile peni ya kupimia EC ya agroveti inasema kitu kingine kabisa.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja: hiyo sensa haioni chumvi. Inaona umeme unavyopita kati ya vyuma vyake, na kwa udongo umeme hubebwa na chumvi iliyoyeyuka kwa maji. Maji yakipungua njia inakatika hata kama chumvi imejaa, joto likipanda umeme unapita rahisi hata kama hakuna chumvi imeongezeka, na udongo wa mfinyanzi wenyewe hupitisha umeme kiasi fulani hata ukiwa hauna chumvi ya maana. Ukiweka hayo matatu kwa akili, maji, joto na aina ya udongo, mengi ya hapa chini utayamaliza mwenyewe bila kuita fundi.

Kwanza kabisa, jaribio la ndoo

Kabla hujafungua waya wowote, ng'oa sensa, ioshe, ipanguse. Ishike hewani bila kugusa vyuma, inafaa isome 0 ama karibu kabisa na 0. Halafu itumbukize kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, pia isome karibu na 0. Hapo soma chupa vizuri maana sheli nyingi huuza yote mawili, na asidi itakuchoma wewe na kuharibu vyuma. Ya tatu, itumbukize kwa maji ya kupimia ambayo namba yake inajulikana, ile inatumika sana ni ya 1413, yaani maikrosimensi 1413 kwa sentimita kwa joto la nyuzi 25, ambayo ni sawa na 1.41 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo ninachotumia kwa EC hapa chini). Maduka ya vifaa vya maabara huwa nayo. Kama una mizani nzuri ya maabara unaweza kuitengeneza, potasiamu kloraidi safi gramu 0.746 ndani ya maji safi mpaka ifike lita 1. Usitumie ile potashi ya mbolea, si safi ya kutosha kwa kazi hii.

Na kama uko mbali na duka na unataka tu kujua sensa iko hai ama imekufa, kinga maji ya mvua moja kwa moja kwa ndoo, yasipitie kwa mabati yenye vumbi, pima lita 10, weka gramu 10 za chumvi ya mezani, koroga mpaka iyeyuke yote. Inafaa upate karibu na 2 dS/m. Si kipimo cha kusawazisha sensa, ila ikikusomea 0.3 ama 6 unajua shida iko kwa sensa ama kwa waya, si kwa udongo. Tumia ndoo ya plastiki, si sufuria, na vyuma vikae mbali na kuta na sakafu ya ndoo kwa sababu sensa huona pia kile kiko karibu nayo.

Ikipita ndoo, rudi shambani, sensa haina makosa.

Inasoma kidogo sana na ishara za chumvi zinaonekana

Hii ndio naipata zaidi, na ndio hatari zaidi, kwa sababu mkulima anaona 0.2 anatulia. Angalia unyevu kwanza. Udongo ukikauka, ile chumvi iliyobaki inajikusanya kwa maji kidogo yaliyosalia, kwa hivyo mzizi unaumia zaidi, lakini sensa inaona njia zimekatika na inashusha namba. Yaani namba inaenda chini wakati hali inaenda mbaya. Ndio maana usisome EC kwa udongo mkavu, mwagilia vizuri, ngoja siku 1 ama 2 maji ya ziada yashuke, ndio usome, na kila wakati ulinganishe na siku nyingine iliyokuwa na unyevu kama huo. Sensa nyingi zinatoa unyevu na EC pamoja, kwa hivyo namba ya EC bila ya unyevu kando yake isikufanye uamue chochote. Kuna hesabu ambazo zinageuza EC ya udongo mzima kuwa EC ya maji yaliyo ndani ya udongo, na programu zingine hukufanyia, ila unyevu ukishuka chini ya asilimia 10 hivi hizo hesabu huharibika, zinaweza kukurushia namba kubwa za ajabu.

Sababu ya pili ni hewa. Kwa ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ambao huvimba ukinyesha na kupasuka ukikauka, ufa hupenda kufungukia palepale kwa sensa kwa sababu ulishachimba hapo. Jaduong' (mzee) mmoja upande wa Ahero aliniita akaniambia, "Fundi, hii kitu yako imekufa, inasoma 0.2 na kitunguu inaungua ncha." Tulipofukua tukapata chuma kimoja kimening'inia kabisa ndani ya ufa, hakigusi udongo. Nikamwambia, "Jaduong', tuirudishe vizuri, tumwagilie, tuongee kesho kutwa." Ikasoma 1.9. Kitunguu kilikuwa kinasema ukweli muda wote huo.

Nakuru shida ni ingine, udongo mwepesi wa majivu ya volkano wenye vijiwe vya mapovu. Kijiwe kimoja kikikaa kati ya vyuma namba inashuka. Njia ya kuweka ni hii: chimba shimo, halafu usukume sensa kwa ukuta wa shimo ambao haujachimbwa, ilale, ikiingia kwa mkono bila kutikisika. Ikikataa, usipige na nyundo, sogea kando kidogo. Kama udongo una vijiwe, chekecha kiasi, ufanye uji mzito wa udongo huohuo na maji, upake vyuma ndio usukume. Usilete udongo wa mahali pengine. Kisha rudisha udongo tabaka kwa tabaka ukikandamiza. Kwa udongo mweusi, kila baada ya kiangazi kirefu ichomoe uiweke upya, hakuna njia ya mkato.

Imeruka juu baada ya mvua ama kumwagilia

Ni ileile ya juu ikienda upande mwingine, maji yameunganisha njia. Mvua haijaleta chumvi. Ngoja maji yashuke ndio ulinganishe. Kama baada ya siku mbili tatu na unyevu ukiwa uleule wa kawaida bado namba iko juu kuliko wiki iliyopita, hapo kweli kuna kitu: labda mbolea imeyeyuka, labda maji ya kisima yako na chumvi, labda maji ya chini yamepanda yakaleta chumvi juu. Maji ya kisima pima yenyewe kwa kikombe. Kwa mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, chini ya 0.7 dS/m hakuna wasiwasi wa chumvi, kati ya 0.7 na 3 unahitaji kuangalia mmea na namna ya kumwagilia, ikipita 3 ni shida kubwa.

Kwa mpunga kuna jambo lake. Udongo ukifunikwa maji wiki za kwanza EC huwa inapanda yenyewe, kwa sababu ukikosa hewa, chuma na vitu vingine vilivyokuwa vimejishika huyeyuka vikaingia kwa maji, halafu baadaye inashuka. Kwa hivyo wewe wa Ahero ama West Kano ukiona inapanda baada ya kufungulia maji, usikimbilie kutoa maji yote kwa jaruba.

Inapanda mchana, inashuka usiku, kila siku

Joto. EC hupanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi 1, kwa hivyo udongo uleule wenye 2.0 kwa nyuzi 25 utasoma karibu 2.4 ukiwa nyuzi 35, na karibu 1.6 ukiwa 15. Ndani ya grinhausi Nakuru, ambapo mchana ni moto na usiku baridi inashika, ukizika sensa sentimita 5 tu utapata mawimbi kila siku. Sensa nzuri hurekebisha hadi nyuzi 25 yenyewe, lakini angalia kwa mipangilio kama imewashwa, na pia hakikisha loga, ile inarekodi namba za sensa, haifanyi marekebisho ya pili juu ya yale sensa imeshafanya, hiyo nayo hutokea na mawimbi yanageuka, mchana chini usiku juu. Kama haina marekebisho, soma saa ileile kila siku, alfajiri ni poa, na uizike sentimita 15 kwenda chini.

Hailingani na peni, ama na maabara

Kwanza angalia kipimo. 1.4 dS/m ni sawa na 1.4 mS/cm, ni sawa na 1400 µS/cm, ni sawa na 140 mS/m. Peni za ppm zinaongeza mkanganyiko kwa sababu zingine huzidisha kwa 500 na zingine kwa 700, hiyo 1.4 moja itakuwa ppm 700 kwa peni yako na ppm 980 kwa peni ya jirani, na nyote mko sawa. Mimi hushauri watu waache ppm kabisa, wasome mS/cm. Kwa sensa za RS485, zile hutuma namba kwa waya mbili za A na B, soma pia ile karatasi yake, zingine hutuma namba inayohitaji kugawanywa kabla uitumie.

Kipimo kikiwa sawa na bado hazilingani, hapo zinapima vitu tofauti. Sensa iliyozikwa inasoma udongo mzima, pamoja na hewa na mawe. Maabara inaweza kupima maji yaliyokamuliwa kwa udongo uliolowa kabisa, hiyo ndio huitwa ECe, ama kupima mchanganyiko wa udongo 1 kwa maji 5. Zile namba za kila mmea unavumilia wapi, za watafiti Maas na Hoffman za 1977 ambazo bado zinatumika, ni za ECe: maharagwe na karoti 1.0, kitunguu 1.2, mahindi na viazi 1.7, kabeji 1.8, nyanya 2.5, mpunga 3.0, shayiri 8.0. Ukichukua namba ya sensa moja kwa moja ukailinganisha na hizo utajidanganya, sana sana utajiona uko salama, kwa sababu udongo mzima husoma chini ya ECe.

Ile unaweza kufanya nyumbani ni 1 kwa 5. Chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba kwa kina kile sensa iko, uanike ukauke, ponda, chekecha, pima gramu 20, weka kwa chupa na mililita 100 za maji ya betri yasiyo na asidi, tikisa, acha itulie, tikisa tena, mara kadhaa kwa muda wa saa 1, ikituama pima maji ya juu kwa peni. Kupata ECe kwa kukadiria, zidisha kwa karibu 10 kama ni tifutifu, kwa 6 ama 7 kama ni mfinyanzi mzito kama wa Kano, na kama ni mchanga mtupu ni zaidi ya 13. Fanya hivyo mara moja kwa msimu ukiandika pia sensa ilisoma ngapi siku hiyo, na kidogo kidogo utajua kwa shamba lako namba fulani ya sensa ina maana gani.

Sensa mbili shamba moja hazikubaliani

Kabla hujasema moja ni mbovu, zote ziweke kwa ndoo moja. Zikikubaliana hapo, basi chumvi ndio haijakaa sawa. Kwa dripu chumvi husukumwa hadi ukingo wa ile duara ya maji, kwa hivyo sensa iliyo chini ya tone itasoma kidogo na iliyo pembeni itasoma juu. Kwa matuta yanayomwagiliwa kwa mfereji chumvi hupanda kileleni. Weka sensa pale mizizi mingi iko, na zote umbali uleule kutoka kwa tone. Angalia pia kama moja iko karibu na nguzo ya chuma ya grinhausi.

Hakuna namba kabisa

Hapa ni waya. Chukua multimita upime volti kule mwisho kwa sensa, si kwa betri, kebo ndefu nyembamba hula volti. Zikiwa sawa, badilisha waya A na B za RS485, hizo hukosewa mara nyingi sana. Halafu angalia anwani (namba ya utambulisho ya sensa) na kasi (ya kutuma data), sensa nyingi hutoka dukani na anwani 1, kasi ni 4800 ama 9600, na ukiunganisha mbili zenye anwani 1 kwa waya mmoja zitagongana zote zinyamaze. Baadaye fuata kebo yenyewe. Fuko wa huku kwetu anakata kebo ya chini ya ardhi kama anakata mzizi wa muhogo, kwa hivyo pitisha ndani ya bomba. Na maungio yaliyofungwa kwa tepu tu na kuzikwa yataingiza maji.

Namba inarukaruka

Uliza inaruka saa ngapi. Ikiruka pampu ikiwaka, umeme wa pampu unaingia kwa sensa kupitia kwa betri ya sola moja ama kupitia kwa udongo. Tenganisha, weka loga kwa betri yake ndogo peke yake uone kama itatulia. Chomoa pia chaja ya laptopu. Kwa tangi la mbolea, peni ya pH na sensa ya EC zikikaa maji moja zinaweza kuvurugana, zima moja usome nyingine. Kama ilianza baada ya radi, na huku Kisii, Kakamega na kandokando ya ziwa radi ni nyingi, fanya jaribio la ndoo, na ukibadilisha sensa weka kinga ya radi kwa laini.

Inateleza polepole kwa miezi

Uchafu kwa vyuma. Osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki laini, kama kuna ukoko mweupe wa maji magumu loweka kwa siki dakika chache, suuza kwa maji safi. Usitumie msasa. Kama ni zile za bei rahisi sana za vyuma viwili zinazopitisha umeme wa moja kwa moja, vyuma vyenyewe vinaliwa, hata kuosha hakusaidii, hizo si za EC. Sensa ya EC hutumia umeme unaobadilisha mwelekeo.

Nimeweka mbolea na namba haijasonga

Kama ni urea, ni kawaida, urea ikiyeyuka haibebi umeme mpaka vijidudu vya udongo viigeuze kuwa amonia, hapo ndio utaona ikipanda. CAN na NPK zitaonekana haraka udongo ukiwa na maji. Mbolea ya kuku nayo ina chumvi nyingi, na ndani ya grinhausi ambapo mvua haiingii kuiosha, ukirudia kila msimu inajikusanya. Kakamega na Bungoma, mahali mvua ni ya kutosha na shida ya udongo sana sana ni asidi, nikiona EC imepanda ndani ya grinhausi naanza na mbolea. Na zile sensa za 7 kwa 1 zinazosema N, P na K, nyingi zinakokotoa hizo namba kutoka kwa EC ileile, kwa hivyo usinunue mbolea kwa kuzitegemea.

EC iko chini, udongo una maji, sensa imepita ndoo, na mimea bado inateseka

Hapa nakuomba usipuuze. EC inahesabu chumvi zote kwa pamoja, haikwambii ni chumvi gani. Bonde la Ufa ni nchi ya magadi, Ziwa Nakuru na Elementaita ni maziwa ya magadi, na visima vingi virefu vya kaunti ya Nakuru vina sodiamu na floraidi. Ukimwagilia maji ya namna hiyo sodiamu inashika udongo, na udongo wa sodiamu unaweza kuwa na EC chini ya 4 huku pH imepita 8.5. Dalili zake unaziona kwa macho: maji yanakaa juu hayaingii, udongo ukikauka unafanya gamba gumu mche unashindwa kupasua, na ukiloweka donge dogo kwa maji safi linayeyuka likafanya maji kuwa na ukungu ambao hautulii. Jaribu hilo la donge leo, kwa glasi, bila kutikisa. Maji yakibaki na ukungu saa kadhaa, peleka udongo na maji ya kisima maabara, KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) ama chuo kama Egerton pale Njoro, na uombe wapime pH, sodiamu, kalisiamu na magnesiamu, si EC peke yake. Wakikuta ni sodiamu, dawa ni jipsamu ichanganywe kwa udongo halafu maji ya kuosha, kwa kiasi watakachokuhesabia kutokana na majibu.

Kama ni chumvi ya kawaida tu, kuosha kwa maji mazuri kunatosha, sentimita 30 za maji yakipita kwa sentimita 30 za udongo huondoa karibu asilimia 80 ya chumvi, mradi yapate pa kutokea. Chimba shimo la mita 1 uone maji ya chini yako wapi kabla ya kuanza, na sensa moja iwe kwa kina cha sentimita 45 hivi, hiyo ndio itakuonyesha chumvi ikishuka: namba ya juu inaanguka, ya chini inapanda, halafu nayo inaanguka. Ikipanda ya chini na ikabaki hapo, chumvi haijatoka, na fungua mfereji wa kutolea kabla ya kumwaga maji mengine.